Sura ya Tano: Reli Tatu, Abiria Mmoja

Dar es Salaam ina reli tatu, na kila moja ina upana wake. Reli ya Kati ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina milimita 1,067. Reli ya kisasa, ambayo sasa kila mtu anaiita SGR, ina milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine, na kichwa cha treni vivyo hivyo. Zote tatu zinaishia kwenye jiji lilelile, zinahudumia watu walewale, lakini hazishikani mikono.

Mhandisi akiitazama hali hiyo anaona vipimo. Mwanahistoria anaona tawala na enzi. Abiria wa kila siku anaona jambo jingine: nitashushwa wapi, saa ngapi, na kutoka hapo nitafikaje ninakokwenda? Nimepanda treni za jiji hili kwa miaka mingi, na sura hii naiandika nikiwa upande wa abiria huyo. Hoja yangu ni kwamba treni ya abiria haipimwi kwa kasi yake wala kwa uzuri wa viti vyake. Inapimwa kwa mambo mawili: kutegemeka kwa saa zake, na jinsi inavyomkabidhi abiria kwa chombo kinachofuata. Kwenye kasi tumepiga hatua kubwa. Kazi iliyobaki iko kwenye hayo mawili.

Reli zilijengwa kwa ajili ya nani

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya Wajerumani, mwaka uleule ambao Vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Shabaha yake ilikuwa kuvuta mazao kutoka bara hadi bandarini na kupeleka askari bara kwa haraka. Abiria alikuwepo, lakini reli haikupangwa kwa kumfikiria yeye.

TAZARA ilizaliwa kwa sababu tofauti kabisa. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilijikuta imebanwa: shaba yake ilitegemea njia za kusini, na njia hizo zilikuwa mikononi mwa tawala za kibaguzi na za kikoloni. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitafuta njia ya kwenda bahari ya mashariki, na China ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, reli ikakamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Upana wake ulichaguliwa ufanane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa shaba na kwa ukombozi. Lakini tangu siku ile Dar es Salaam ikawa na reli mbili zisizoweza kuingiliana, na kule Kidatu, mkoani Morogoro, ikabidi kiwekwe kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la reli moja kwenda la nyingine.

Ya tatu ni SGR. Mkataba wa kipande cha kwanza, Dar es Salaam hadi Morogoro, ulisainiwa mwaka 2017. Upana wa milimita 1,435 ndio unaotumika sehemu kubwa ya dunia, unabeba uzito mkubwa zaidi na unaruhusu mwendo mkubwa zaidi. Hapa pia sababu kuu ilikuwa mzigo: bandari ya Dar es Salaam, Rwanda, Burundi, Kongo.

Kwa hiyo katika kipindi cha zaidi ya miaka 100 tumefanya maamuzi makubwa matatu ya reli, yote yakiwa na hoja nzito nyuma yake. Hakuna hata moja lililoanza kwa kumuuliza mkazi wa Gongo la Mboto anavyofika Kariakoo asubuhi.

Treni ya Mwakyembe

Swali hilo liliulizwa kwa vitendo Oktoba 29, 2012. Siku hiyo treni za abiria za jijini zilianza kutembea kwenye njia mbili: kwenye Reli ya Kati kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na kwenye TAZARA kutoka stesheni yake ya Barabara ya Nyerere hadi Mwakanga. Waziri wa Uchukuzi alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, na wananchi hawakusubiri jina rasmi. Waliiita treni ya Mwakyembe, na jina likaganda.

Hakuna reli mpya iliyotandikwa. Mabehewa yalikuwa ya zamani, yamekarabatiwa katika karakana za hapa nchini. Nauli ya mtu mzima kwenye treni ya Ubungo ilianza kwa Sh400. Vyuma vilivyokuwa vikikatiza Buguruni, Tabata na Mabibo bila kumfaa mkazi wa hapo, ghafla vikawa njia ya kwenda kazini. Baadaye ikaongezwa treni ya Pugu, ambayo inapita Vingunguti, Karakata na Gongo la Mboto kuelekea katikati ya jiji.

Asiyewahi kupanda treni ya Pugu asubuhi ajaribu kuipata picha. Saa kumi na mbili hakujapambazuka vizuri, na watu wameshajipanga kandokando ya reli. Kila mmoja anajua behewa lake litasimama usawa gani. Mama wa maandazi ameshika beseni lililofunikwa kitambaa, na hakuna anayemsukuma, kwa sababu nusu ya behewa ni wateja wake. Fundi ana mkoba wa vifaa umening'inia begani. Wanafunzi wamevaa sare zao, na hao ndio nawaomba wapangaji wa usafiri wawatazame kwa makini kuliko wote.

Mwanafunzi wa Dar es Salaam anajua maana ya kukataliwa. Kwenye kituo cha daladala, konda akiona sare, anaweka mkono mlangoni, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo na nafasi anayoichukua ni ileile ya mtu mzima. Konda ana hesabu ya kupeleka jioni kwa mwenye gari. Hata kama si mtu mbaya, hesabu inamsukuma. Treni haina hesabu ya konda. Mlango uko wazi, mtoto anapanda kama watu wengine, anafika shule kabla ya kengele. Kwa sababu hiyo peke yake, kama isingekuwapo nyingine, treni ya jijini ilistahili kuwekwa.

Ndani ya behewa watu wanafahamiana. Wapo wanaosafiri pamoja miaka na miaka bila kujua ubini wa mwenzao, lakini mmoja akikosekana siku mbili ataulizwa. Michango ya msiba inapita humo humo. Ukaribu huo hauwezi kupangwa na ofisi yoyote. Unazaliwa pale watu walewale wanapokutana mahali palepale saa ileile, yaani pale ratiba inapoheshimiwa.

Halafu treni inakaribia Kamata, pale reli inapokata barabara. Magari yanasimama barabarani, makubwa kwa madogo, nasi tunapita. Ni dakika chache tu, lakini ndani yake imo kanuni nzima ya usafiri wa jiji: chombo kinachobeba mamia ya watu kinapewa njia mbele ya gari lililobeba mtu mmoja. Kila mji uliofanikiwa kupunguza foleni uliipokea kanuni hiyo kwa namna moja au nyingine.

Morogoro imesogea

Juni 14, 2024, treni ya SGR ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Julai 25 ikafika Dodoma, na Agosti 1 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilipangwa Sh13,000 na hadi Dodoma Sh31,000. Treni inatumia umeme na imejengwa kutembea hadi kilomita 160 kwa saa. Novemba mwaka huo zikaongezwa zile ambazo watu wamezipa jina la mchongoko kwa sababu ya pua zake, treni moja ikiwa na nafasi ya abiria zaidi ya 500.

Kwa msafiri wa mara moja kwa mwaka, hayo ni maajabu ya kupiga picha. Kwa msafiri wa kila wiki ni mabadiliko ya maisha. Safari ya basi kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilikuwa inakula nusu siku ukijumlisha foleni ya Mbezi, Kibaha, mizani na kusimama Chalinze. Aliyekuwa na miadi Muhimbili saa nne asubuhi ilimbidi aje jana yake, atafute ndugu wa kumpokea, alale, na huenda alale tena usiku wa pili. Sasa mgonjwa yuleyule anaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo, akalala kitandani kwake. Mhadhiri wa Sokoine au Mzumbe anaweza kuhudhuria kikao cha Dar es Salaam na jioni akawa nyumbani. Mfanyabiashara anafuata mzigo Kariakoo bila kulipa gesti.

Mwajiri naye anaanza kuhesabu upya. Kama mtu anaweza kuishi Morogoro, ambako kodi ya nyumba ni nafuu na hewa ya Uluguru ni bure, huku akifanya kazi Dar es Salaam siku tatu kwa wiki, jiji linapungukiwa mzigo bila kujenga hata barabara moja. Huo ndio usafiri wa kikanda: miji miwili inakuwa soko moja la kazi, na kila mmoja unabaki na sura yake.

Lakini ndoto hiyo inasimama juu ya ratiba. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kina urefu wa kilomita 300 ukihesabu vyuma vyote, ila njia kuu ni kilomita 205, na ni njia moja. Zilizobaki ni njia za kupishania na za stesheni. Maana yake ni kwamba treni inayokwenda na inayorudi zinakutana sehemu maalumu tu. Moja ikichelewa kufika mahali pa kupishana, ya pili inasubiri, na ucheleweshaji unahama kutoka treni hadi treni mpaka jioni. Ndiyo maana kuongeza safari si suala la kununua mabehewa tu. Kila safari mpya inatafutiwa nafasi yake ya kupishana, na treni za mizigo zikiongezeka zitaigombea nafasi hiyohiyo. Abiria wa kila siku ana haki ya kujua mapema nani atapewa kipaumbele saa za kwenda na kurudi kazini. Mimi nasema wapewe watu; mzigo unaweza kusafiri usiku.

Ngedere, bundi na ukweli

Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ilikwama njiani kwa hitilafu ya umeme. Shirika la Reli likaeleza kwamba ngedere na bundi walihusika na hitilafu hiyo. Nchi nzima ilicheka. Vibonzo vikachorwa, na kwa wiki kadhaa ngedere alikuwa mnyama maarufu kuliko simba.

Mimi nililiona kama jambo la kheri. Treni ya umeme inalishwa na waya uliopita juu ya reli wenye nguvu ya volti 25,000. Kiumbe anayegusa waya na nguzo kwa pamoja anaufungulia umeme njia ya kwenda ardhini, mitambo ya ulinzi inakata umeme papo hapo, na treni inasimama. Hali hiyo huzikumba reli za umeme hata katika nchi zilizozitumia kwa vizazi vingi, na kinga zake zinajulikana: vizuizi kwenye nguzo, kukata matawi, doria.

Lililo muhimu ni kwamba abiria aliambiwa kilichotokea. Mtu anayeitegemea treni anaweza kuvumilia kuchelewa. Kinachomvunja moyo ni kukaa gizani. Akiambiwa "tutachelewa saa moja, sababu ni hii," anapiga simu kazini, anampanga mtu wa kumchukua mtoto shule, maisha yanaendelea. Asipoambiwa kitu, kesho anarudi kwenye basi, na kumrudisha tena itachukua muda mrefu. Tangazo la wazi na la haraka halihitaji mkopo wa benki. Linahitaji uamuzi tu.

Ukishashuka

Safari ya abiria haianzi stesheni wala haiishii hapo. Inaanzia mlangoni kwake. Stesheni ya SGR ya Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, na anayeshuka hapo usiku bado ana safari ya bajaji au bodaboda mbele yake. Akiwa na mtoto na mizigo, kilomita hizo chache ndizo ngumu kuliko 200 alizozipita amekaa kwenye kiti.

Dar es Salaam hali ina unafuu upande mmoja: stesheni ya SGR iko jirani na stesheni kongwe ya Reli ya Kati, na mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yana kituo chake cha Gerezani upande huohuo wa jiji. Vitu vyote muhimu viko karibu. Kilichobaki ni kuvifunga pamoja: njia ya waenda kwa miguu yenye kivuli na taa, alama zinazosomeka, na basi linalosubiri treni iliyojaa badala ya kuondoka dakika mbili kabla haijafika.

Upande wa TAZARA ni mgumu zaidi. Abiria anayetoka Mbeya au Makambako akashuka hapo, na anataka kuendelea Dodoma, lazima abebe mizigo yake avuke kipande kizima cha jiji. Mbele ya stesheni hiyo lipo daraja la juu la Mfugale, lililozinduliwa mwaka 2018, na limepunguza sana foleni ya makutano yale. Ni kazi nzuri, iliyopewa jina la mhandisi wetu. Nchi iliyoweza kuyainulia magari daraja haitashindwa kumuunganishia abiria wa reli mbili kwa basi la moja kwa moja lenye ratiba.

Vipimo vya reli havitabadilika kesho. Hakuna atakayeing'oa TAZARA ili ifanane na SGR, na hakuna haja. Vyuma visipoweza kuungana, vilivyobaki vyote vinaweza: tiketi, ratiba, taarifa, vituo. Kadi moja inayokubaliwa kwenye treni ya Pugu, kwenye mwendokasi na kwenye SGR ingefanya zaidi kwa abiria kuliko kupunguza dakika kumi za safari ya Dodoma. Tiketi ya mwezi yenye punguzo ingemwambia msafiri wa kila siku kwamba anajulikana na anathaminiwa.

Vituo visivyopigwa picha

Kati ya Dar es Salaam na Morogoro, SGR ina stesheni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Haziongelewi sana. Wanasiasa wanashuka Dodoma, wapiga picha wanapiga Dar es Salaam. Lakini mafanikio ya reli ya kikanda yatajulikana hapo katikati.

Treni inayopita Soga bila kusimama inaokoa dakika chache za abiria wa Dodoma. Treni inayosimama Soga asubuhi na jioni inampa kijana wa Soga chuo, kazi na hospitali bila kuhama kwao. Zote mbili zinahitajika, na ndiyo maana reli zenye uzoefu huwa na treni za haraka na za kawaida kwenye njia moja. Msafiri wa Ngerengere asipewe treni ya saa sita mchana akaambiwa amehudumiwa. Apewe ya kumfikisha kazini na ya kumrudisha.

Na tusidanganyane kuhusu fedha. Treni za abiria wa kila siku kwa kawaida hazijilipii kwa nauli peke yake, hata kwenye nchi tajiri. Zinalipiwa na serikali kwa sababu zinaokoa mafuta, muda, barabara na roho za watu. Ukipandisha nauli hadi treni ijilipie yenyewe, utabaki na mabehewa masafi yasiyo na watu, na ajali zilezile barabara ya Morogoro.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. SGR imeshamaliza siku zake za ugeni. Tumeishangilia, tumeipiga picha, tumewapeleka wazazi kuipanda. Sasa ishike jembe: itoke kwa saa iliyoandikwa, isimame vituo vidogo, imkabidhi abiria kwa basi linalomngoja. Na wewe msomaji unayepanda kila wiki, usiwe mteja wa kushukuru tu. Ukichelewa kufika, omba sababu. Ukishushwa usiku pasipo usafiri, andika barua. Ratiba inapobadilishwa, uliza imebadilishwa kwa ajili ya nani. Nao wanaotuamulia mambo ya reli nawaomba jambo moja: wapande treni ya Pugu saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kazi, bila msafara, na jioni warudi nayo.